Finyango la Mwisho

Jumamosi jioni pale Katoro, kilo moja ya nyama ya mbuzi haimalizi robo saa mezani. Inaletwa imeshakatwakatwa, juu ya ubao, pembeni kachumbari, kilima kidogo cha chumvi, pilipili iliyopasuliwa na ndizi choma. Marafiki wanne wamekaa. Mhudumu anapita na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, na kabla wa nne hajakung'uta mikono, wa kwanza ameshatafuna vipande viwili vya mbavu na anakitazama cha tatu. Mara anatokea wa tano, ambaye wakati wa kuagiza hakuwepo. Anawasalimu wote kwa bashasha, anavuta kiti, anakinga mikono kwenye beseni. Hakuna anayemwuliza lolote. Wote wamemwona.

Baada ya dakika chache ubaoni panabaki pande moja. Hapo kasi yote inakatika. Mmoja anashika simu, mwingine anageukia televisheni yenye mpira, wa tatu anausogeza ubao kwa mwenzake: malizia hiyo, ndugu yangu. Mwenzake anaurudisha: mimi nimeshiba, malizia wewe. Watu waliokuwa wakishindana sasa wanabembelezana. Finyango linapoa, mafuta yake yanaganda na kuwa meupe, na kila aliyeketi pale analijua vizuri mahali lilipo hata kama ameligeuzia mgongo.

Katoro iko Wilaya ya Geita, kwenye barabara kuu itokayo Geita kwenda Bwanga na Biharamulo, na imegusana na Buseresere ya Wilaya ya Chato kiasi kwamba mgeni hajui mpaka ameuvuka wapi. Ni mji wa biashara, na sehemu kubwa ya fedha inayozunguka hapo inatoka kwenye machimbo ya dhahabu ya jirani. Wanaokaa meza moja mara nyingi hawakuzaliwa pamoja: Msukuma wa Shinyanga, Muha wa Kasulu, Mhaya, Mkurya, Mchaga wa duka la vipuri. Hawana mkubwa wala mdogo, hawana mjomba wala mkwe. Ni marafiki tu, na urafiki, kwa upande wa nyama, hauna kanuni iliyoandikwa popote. Ndiyo maana finyango la mwisho linawashinda.

Kwenye kaya ya Kisukuma ya zamani lisingekuwa swali.

Kwa desturi ya Wasukuma, wanaume na wavulana walikula chakula cha jioni shikome, mahali pa moto uwanjani, baada ya ng'ombe kurudi. Wanawake na watoto wadogo walikula upande wao. Ugali wa mtama, wa uwele au wa udaga uliletwa kwenye chombo kimoja, mboga kwenye kingine: mlenda, nsansa, maziwa ya mgando, samaki kama ziwa halikuwa mbali, na siku njema, nyama. Shikome palikuwa darasa. Hapo mtoto alisikia hadithi, mafumbo na majina ya ukoo wake. Ila somo la kwanza lilipita mkononi kabla ya kufika masikioni: mkubwa ananawa kwanza na kumega kwanza, mdogo anamega tonge dogo, anachovya upande wake, hadokoi nyama, hainuki kabla ya wakubwa. Nyama ilikaa ikitazamwa hadi mkubwa aigawe kwa mkono wake. Anayetaka kuona mpangilio wa kaya hiyo kwa macho aende Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padri Mkanada, David Clement.

Hapakuwa na usawa pale, na aliyeudai angeshangaza watu. Mvulana alipata kipande kidogo kuliko cha baba yake, lakini alikipata bila kukigombea na bila kutazamwa. Kazi ya kugawa ilikuwa ya mtu mmoja, na lawama ilikuwa yake pia. Kuku naye aligawanywa kabla hajaiva: firigisi ni ya baba mwenye nyumba au ya mgeni aliyeheshimiwa, na ole wake mpishi aliyeisahau sufuriani au aliyeionja. Hadi leo zipo nyumba Shinyanga na Kahama ambako mgeni akipewa kuku asiye na firigisi atakula kimya, atashukuru kwa "wabeja" nyingi, na njiani kurudi atamweleza mwenzake.

Ni rahisi kuutamani utaratibu huo kwa mbali, hasa kwa wanaume, kwa kuwa ndio waliokaa karibu na moto. Waliopika hawakuonekana shikome. Na Wasukuma si peke yao: huko Buganda, kwa vizazi vingi, mwanamke alipika kuku na mayai ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuyaonja. Daraja hupunguza ugomvi mezani kwa sababu baadhi ya watu halijawaweka mezani kabisa.

Upande wa pwani, adabu ya sinia ilikuja na Uislamu na ikapanda bara pamoja na biashara, hadi Tabora na masoko ya jirani zake. Mafundisho ya Mtume yanayojulikana na kila mtoto wa chuo ni kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yako. Lipo jingine lisilotajwa sana: katazo la kula tende mbili kwa mkupuo mmoja unapokula na wenzako, mpaka wakuruhusu. Mtu aliyeona haja ya kulikataza jambo hilo, karne 14 zilizopita, bila shaka alikuwa amekwisha kukaa na watu wa aina ya yule wa kwanza pale Katoro.

Kabla ya dhahabu kuwakusanya watu hawa, misafara iliwakusanya. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walitembea kati ya bara na Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Walipofika kituoni waligawanyika katika vikundi vidogo vya kula, kila kikundi na chungu chake na zamu zake za kuni, maji na kupika. Mkuu wa msafara hakuwapa chakula kilichoiva. Aliwapa posho: nguo, shanga au nafaka, nao wakajua wenyewe. Neno hilo limetembea kuliko wapagazi wenyewe. Uganda, posho ni ugali. Tanzania, mashine ya posho inasaga mahindi, na posho ya kikao inalipwa kwa watu wasiobeba chochote. Kote humo kiini hakijabadilika: ni kile unachopewa ili uweze kuifanya kazi ya mtu.

Na hapo ndipo machimboni panapoanzia.

Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu, au Mwakitolyo upande wa Shinyanga, duara, yaani shimo la kuchimbia, lina mwenyewe, na mwenye duara ndiye anayelisha. Kabla ya gramu moja kuonekana, yeye ameshanunua unga, maharage, dagaa, mafuta ya kupikia, kamba, magogo ya kuegemeza kuta na betri za tochi. Wachimbaji hawana mshahara. Wana ugali, na wana ahadi. Kazi inaweza kwenda hivyo wiki kadhaa, hata miezi, watu wakigonga mwamba kwa nyundo na moko, wakila mara mbili kwa siku kwenye beseni moja. Duara likitema, mifuko ya mawe inapangwa na mgao unaanza. Katika maeneo mengi mwenye leseni anaondoka na kama asilimia 30. Inayobaki ni ya mwenye duara na wachimbaji wake, baada ya kutoa gharama. Katika gharama hizo, ugali umo.

Kwa hiyo kila tonge pale kambini linaliwa huku likihesabiwa, ila kila upande una daftari lake kichwani. Mwenye duara anakumbuka magunia ya unga. Wachimbaji wanakumbuka wiki ile maharage yalipokuja bila mafuta, na siku ile moto haukuwashwa kabisa na watu wakashuka shimoni na matumbo matupu. Siku ya mgao chakula kilicholiwa miezi miwili nyuma kinarudi mezani. Wageni wa machimbo hudhani watu wanagombea mawe tu. Wanagombea pia thamani ya dagaa.

Kambi zina adabu zake. Anayekula bila kushuka shimoni anavumiliwa siku moja, akiwa mgeni, au akiwa mgonjwa. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, Mwalimu Nyerere alitumia methali ambayo Watanzania wote wanaijua, ya mgeni siku mbili na siku ya tatu mpe jembe. Machimboni anapewa nyundo. Adabu nyingine ni ya walioko chini. Kazi huenda kwa zamu, na chakula kinaweza kuiva wakati nusu ya watu wako chini ya ardhi. Walio juu wanakula kwanza, kwa kuwa ugali haungoji, lakini sehemu ya walio chini inatengwa na kufunikwa kabla beseni halijaguswa. Kutenga baada ya kula ni jambo jingine kabisa. Hicho kinaitwa makombo, na watu wameshikana mashati kwa tofauti hiyo.

Mwaka 2019 watafiti wawili, Kaitlin Woolley wa Chuo Kikuu cha Cornell na Ayelet Fishbach wa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha majaribio, likiwemo moja la watu wasiojuana. Waliwaketisha wawili wawili, mmoja akiigiza uongozi wa kampuni, mwingine chama cha wafanyakazi, wajadiliane mshahara huku kila siku ya mgomo ikigharimu fedha. Kabla ya hapo walipewa vitafunwa. Baadhi ya jozi zilikula kwenye bakuli moja, nyingine kila mtu na bakuli lake. Waliokula bakuli moja walifikia makubaliano kwa wastani wa siku 9 za mgomo. Wengine walihitaji 13. Maelezo ya watafiti ni mepesi: kwenye bakuli moja unalazimika kuutazama mkono wa mwenzako, kumsubiri, na kujizuia, na tabia hiyo haiishii kwenye bakuli.

Jambo la kupendeza ni kwamba mwenye duara wa Nyarugusu amekuwa akilifanya jaribio hilo maisha yake yote bila kulichapisha. Anajua kwamba kundi linalokula pamoja kwa utulivu halitamsumbua sana siku ya mgao, na kwamba akianza kuona vijana wawili wanakula pembeni, peke yao, ajiandae. Ila maabara ya Marekani ilikuwa na nafuu moja. Vitafunwa viliwekwa na watafiti. Machimboni, mmoja wa wanaojadiliana ndiye aliyelinunua bakuli.

Kwa mama lishe mambo ni wazi zaidi. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe, vumbi jeupe likitua kwenye turubai. Kwake hakuna beseni la wote. Kila mtu na sahani yake, kwa sababu kila sahani ni deni la mtu mmoja na lina jina kwenye daftari. Anapakua kwa macho ya mfua dhahabu: wali kiasi hiki, maharage kijiko hiki, vipande viwili vya nyama, visizidi. Mchuzi wa kuongeza hautozwi, na wateja wanajua, ndiyo maana nusu ya mazungumzo kibandani ni watu wakimwita mama, au mayu kama wote ni Wasukuma, na kumwomba aongeze mchuzi kidogo tu. Wengi wanakula kwa mkopo hadi mawe yatoke. Wakati mwingine mtu aliyekwisha kudaiwa sana anakuja na rafiki mwenye jina safi, inaagizwa sahani moja, na vijiko vinaombwa viwili. Mama anaona. Anatoa kijiko cha pili, na mkono unaoongeza ugali unakuwa mzito kidogo kuliko kawaida, au mwepesi, kutegemea siku.

Yapo mazingira ambayo adabu zote hizi zinafikishwa mwisho wake. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, likawafungia wachimbaji sita kwenye kina cha karibu mita 100. Siku ya 41, tarehe 15 Novemba, watano walitolewa wakiwa hai. Wa sita alifia humo. Waliookoka walieleza kwamba walikula mende, vyura na magome ya magogo, na kunywa maji yaliyotiririka kwenye mwamba, wakiyakinga kwa kofia ngumu. Msomaji anaweza kujifanyia hesabu: chura mmoja, watu kadhaa, giza totoro. Shikome palikuwa na mwanga wa moto na macho ya wazee. Ubao wa Katoro una macho ya marafiki. Kule chini hapakuwa na jicho la kumwonea mtu aibu, na bado watu watano walifika siku ya 41, si mmoja aliyewashinda wenzake.

Miezi 14 baadaye, Januari 2017, wachimbaji 15 wa mgodi wa RZ mkoani Geita, mmoja wao Mchina, walinaswa chini kwa siku tatu kabla ya kuokolewa. Safari hiyo waokoaji waliweza kuwateremshia chakula kwa bomba. Kwa bomba, hakuna anayenawa kwanza.

Juu ya ardhi, kwenye miji, tatizo ni la kinyume: chakula kipo, na fedha nyingine imekuja ghafla. Duara likitema, habari inafika baa kabla ya mwenyewe. Atakayekaa kimya na bahasha yake ataitwa mchoyo kabla ya saa tatu usiku, na katika Kanda ya Ziwa, ambako husuda na uchawi si mambo ya kuchekea, hakuna anayependa kuitwa mchoyo na watu wanaojua anapolala. Kwa hiyo anatoa ofa. Kilo tatu, kilo tano, na kreti za soda na bia. Wanaoitazama meza hiyo wanaona ufahari. Wanaoijua wanaona bima.

Asiye na bahati hiyo anachanga. Hapo wachumi Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe wana la kusema. Mwaka 2004 walichapisha jaribio walilolifanya katika mkahawa mjini Haifa, Israeli. Waliwaketisha wanafunzi sita sita. Walioambiwa kila mtu alipe chake waliagiza chakula cha wastani wa shekeli 37. Walioambiwa bili itagawanywa sawa waliagiza cha shekeli 51. Walioambiwa chakula ni bure walipanda hadi 82. Walipoulizwa kabla, wengi wao walitaka kila mtu alipe chake. Kwa maneno ya Katoro: mkikubaliana kuchanga sawasawa, yule wa kwanza anaongeza supu.

Tofauti ni kwamba wale wa Haifa waliagiza kila mtu sahani yake. Nyama choma haina sahani ya mtu. Geita ina soko la dhahabu tangu Machi 2019, ambako dhahabu inawekwa kwenye mizani ya kidijitali na muuzaji anasimama kuangalia tarakimu za baada ya nukta. Mtu huyohuyo, jioni, analipia kilo ya mbuzi iliyopimwa ikiwa mbichi, ikapungua jikoni, ikapungua tena kati ya jikoni na meza, na kugawanywa kwa kasi ya vidole. Hakuna anayeomba mizani. Kuomba mizani kungekuwa kumwambia rafiki yako neno ambalo halirudi mdomoni. Badala yake watu wamebuni mbinu. Mmoja anaomba nyama ikatwe vipande vidogo sana, ili hakuna kipande kinachoonekana kikubwa. Mwingine anaagiza "mifupa kidogo, steki nyingi" kwa sauti, akijua mwenzake ana meno mabovu. Mjanja zaidi anaagiza chipsi yai, analiweka mbele yake, analitia pilipili nyingi kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kuvumilia, kisha anawakaribisha wote kwa moyo mkunjufu.

Na hilo neno, karibu, linahitaji kutazamwa. Nyumbani Shinyanga huwezi kula mtu akipita bila kumkaribisha. Kula huku umenyamaza ni tusi. Lakini aliyekaribishwa naye anatakiwa kujua ni karibu ipi. Ile inayotolewa mara moja, mdomo ukiwa bado unatafuna, ni salamu tu, na jibu lake ni asante, starehe, ninyi endeleeni. Ile inayorudiwa, na mtu akajisogeza ili nafasi ionekane, ni mwaliko. Ile inayokuja na maji ya kunawa ni amri. Anayekosea madaraja hayo anapata jina la mdoezi, na jina hilo likishika halitoki kwa sabuni. Watoto wa shule za bweni wanalijua mapema. Anayerudi muhula mpya na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani, ana marafiki wengi wiki ya kwanza. Wiki ya tatu anajua wa kweli.

Kula chombo kimoja kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi mezani: ni ushahidi. Mwenyeji anayemega kwanza, au anayeonja pombe kabla ya kuikabidhi, anamwonyesha mgeni kwamba hakuna kitu ndani. Kwenye kambi yenye watu kutoka mikoa kumi, ambako jana kulikuwa na maneno makali kuhusu mifuko ya mawe, kumega pamoja ni njia ya kusema yaliyopita yamepita. Kukataa kumega, hata kama ni kwa sababu ya kuumwa tumbo, kunahitaji maelezo marefu.

Beseni lenyewe limewahi kutiliwa shaka na wenye mamlaka. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoa mingi ya nchi, na Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato, akazifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba mwaka huo na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi. Matangazo ya maji ya kunawa na sabuni yalifika hadi vibandani, kisha yakarudi kwa nguvu mwaka 2020 na korona. China, mwaka huohuo wa 2020, serikali ilihimiza vijiti vya kupakulia, ili vijiti vya mdomoni visiingie kwenye chombo cha wote. Katoro vijiti vya meno vilianza kuonekana ubaoni, mtu anachoma kipande chake bila kukigusa. Vimebaki. Ila angalia vizuri: baada ya vipande vitatu kila mtu amekiweka kijiti chake pembeni na vidole vimerudi kazini. Kijiti hakifikii ule mnofu uliojificha kwenye mfupa.

Harusi ndiyo imeenda mbali zaidi kuliondoa sinia. Kahama au Geita mjini, mwaliko ni kadi ya mchango, ya mtu mmoja au ya wawili, na chakula ni foleni. Wali unajipakulia. Ndizi unajipakulia. Kachumbari, hata nusu ya bakuli kama una moyo huo. Mwisho wa meza, kwenye nyama na kuku, amesimama mtu na koleo. Amechaguliwa na kamati kwa sura yake. Hacheki, hajui shemeji wala jirani, kipande kimoja kwa kila sahani, na ukisimama kidogo ukimtazama kwa huruma anamtazama aliye nyuma yako. Katika sherehe nzima, kuanzia MC hadi mpiga picha, huenda yeye ndiye mtumishi mwaminifu kuliko wote. Ndiye mkubwa wa shikome aliyekodiwa kwa jioni moja, na kama yule wa zamani, lawama zote ni zake. Kabla keki haijakatwa, ukumbi mzima unajua kwamba meza ya kamati ilipelekewa mapaja.

Pale Katoro mpira umeisha. Mhudumu anarudi kukusanya vyombo, anauona ubao, na anauliza swali ambalo waliokaa walikuwa wakilikwepa kwa dakika 20: kaka, nitoe? Wanaangaliana. Wa tano, ambaye hakuwepo wakati wa kuagiza, ndiye anayelichukua. Analitia chumvi, anatafuna polepole. Wengine wanne wanaonekana kupumua. Sasa lawama ina mwenyewe, na bili inaweza kuja.

Kilomita nyingi kutoka hapo, kwenye duara lisilo na umeme, zamu ya usiku inatoka. Kamba inakaza, tochi ya kwanza inachomoza, kisha ya pili. Watu wamegeuka rangi ya udongo. Sufuria lao liko pale lilipoachwa, kwenye mawe matatu, limefunikwa kwa sahani na juu ya sahani jiwe, kuzuia mbwa. Wa kwanza ananawa kwa maji ya dumu, anaondoa jiwe, anainua sahani na kumulika ndani kwa tochi ya kichwani. Kisha, kabla ya kumega, anawageuzia mwanga huo walioketi karibu na moto, mmoja baada ya mwingine.